Ajira Zinaletwa na Serikali au na Wafanyabiashara? Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Tanga

Nina karakana ya useremala Makorora, Tanga mjini. Jumamosi jioni, maranda yakishafagiliwa, vijana wa mtaani huja kukaa kwenye mabenchi yanayosubiri vanishi, na mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kazi: nani anazo, nani anazileta, nani amezizuia. Wengine nakutana nao pale ninapoalikwa kuzungumza na wanaomaliza mafunzo ya ufundi. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike pamoja na majibu yangu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute katikati ya mistari. Kazi inayodumu huzaliwa pale serikali inapoweka kitu ambacho mfanyabiashara hawezi kukiweka peke yake, na mfanyabiashara naye akatia fedha ambayo ikipotea ataumia yeye. Mji wetu umewahi kuachiwa kampuni, ukawahi kuachiwa serikali, na mara zote mbili tulibaki na magofu.

Fundi, kwa kifupi tu: nani anaajiri watu wengi zaidi?

Watu binafsi, tena wadogo. Hesabu ukitoka barabara ya kwanza Ngamiani mpaka ya ishirini: mama ntilie na wasaidizi wake wawili, fundi baiskeli na mwanafunzi wake, duka la jumla na wapakuzi wake, bodaboda kijiweni. Ukivuka kwenda Muheza msimu wa machungwa, kuna wachumaji, wapakiaji na madalali. Serikali huajiri walimu, wauguzi, askari na maofisa, na mishahara yao ndiyo inayonunua meza zangu mwisho wa mwezi. Lakini hata iwe na nia njema kiasi gani, haiwezi kumpa kila kijana wa mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.6 barua ya ajira.

Kuhesabu waajiri ni rahisi. Kinachonishughulisha mimi ni nini kinamwezesha mwenye watu wawili afike watu kumi.

Wazee wanasema enzi za mkonge kazi zilikuwa tele, na zililetwa na makampuni. Si kweli?

Ni kweli nusu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani aliyefanya kazi na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Miche ilitoka Florida kupitia Hamburg. Iliondoka kama elfu moja, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ni 62. Kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba uliyoyaona ukipita Korogwe, Ngombezi, Hale na Muheza. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000, na hakuna nchi duniani iliyotupita.

Sasa tazama reli. Ujenzi ulianzia hapa Tanga mwaka huohuo wa 1893, na uliendeshwa na kampuni binafsi. Reli ilipofika Muheza kampuni ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya Kijerumani ikaichukua, ikaisogeza mpaka Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Bila reli ile, singa za mkonge zingeozea Korogwe. Kwa hiyo hata zile tunazoziita kazi za makampuni zilisafiri juu ya chuma kilichomaliziwa kwa fedha za serikali.

Halafu kuna upande ambao wazee wengi huumeza. Babu yangu mzaa baba alikuja kutoka Kasulu akiwa manamba. Alikuja kwa sababu kulikuwa na kodi ya kichwa, na kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu ilikuwa mashambani. Alifanyia kazi kipande: kadi yenye siku thelathini za kutiwa alama. Siku uliyougua haikutiwa alama. Siku ambayo hukumaliza mzigo wako wa majani haikutiwa alama. Mwezi wa babu ulikuwa ukimalizika kipande kikijaa, hata kama mwezi wa angani umeandama mara mbili. Miiba ya mkonge ilimtoboa mkono wa kushoto mpaka uzeeni kidole kimoja kilikuwa hakikunji.

Kazi zilikuwepo, nakubali, ila zililetwa na mtaji wa kampuni ukisukumwa na sheria na kodi za serikali ya mkoloni, na mfanyakazi aliyebanwa katikati hakuwa na pa kusemea. Mtu anayetaka kuturudishia "enzi za mkonge" namuuliza kwanza kama anarudisha na kipande.

Basi ni utaifishaji wa 1967 ndio ulioua mkonge?

Ulichangia, ila mgonjwa alikuwa ameshaanza kukohoa. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na baadaye mwaka huohuo mashamba mengi ya mkonge yakawa mali ya umma. Lakini kabla ya hapo kamba za plastiki zilikwishaingia sokoni, na bei ya mkonge ilishaanza kuporomoka. Hata mwenye shamba binafsi angetoka jasho.

Kosa la umma lilikuwa jingine, na ni kosa ninalolielewa kwa sababu nami nina mashine. Mkonge unasubiriwa kama miaka mitatu hivi kabla ya mkato wa kwanza, na ukishazeeka unang'olewa, unapandwa upya. Kupanda upya maana yake ni kutumia fedha leo kwa mavuno yatakayokuja pengine ukiwa umeshahamishwa kituo. Meneja aliyeletwa kwa barua na anayeweza kuondolewa kwa barua, ambaye hasara haigusi mfuko wake, ana sababu gani ya kulilia miche? Korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ikiharibika, kipuri kinasubiri kibali na fedha za kigeni. Mashamba yakazeeka, vichaka vikaingia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka mpaka karibu tani 20,000.

Nasema haya bila kumbeza Mwalimu. Alikuta watu kama babu yangu, na alitaka jasho lao limrudie mwenye jasho. Nia ile naiheshimu mpaka leo.

Na ubinafsishaji? Ulileta kazi au uliziondoa?

Vyote viwili, kutegemea kiwanda. Cha saruji pale Pongwe kilianza uzalishaji mwaka 1980 kikiwa cha umma, kikabinafsishwa mwaka 1996, kikapanuliwa, na mpaka leo malori yanapanga foleni. Chokaa ipo ardhini, soko lipo, aliyenunua alikuwa na sababu ya kuendelea. Kiwanda cha mbolea, kwa upande wake, kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kilikuwa kimeshafungwa kabla wimbi la ubinafsishaji halijapamba moto.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Kiliuzwa, mitambo ikang'olewa, majengo yakawa maghala. Mafao yake yalikuja vipande vipande kwa miaka, na kila kipande kilipokuja bei ya unga ilikuwa imeshapanda. Nilikuwa darasa la sita. Nakumbuka alivyokuwa akivaa ovaroli safi kila Jumatatu na kutoka, ili majirani wasijue.

Ninachojifunza pale ni kwamba kuuza si sera ya ajira. Mnunuzi alipaswa kubanwa na mkataba: utazalisha nini, kwa miaka mingapi, na watu wangapi, na usipotimiza mali inarudi. Huyo wa kubana ni serikali, hakuna mwingine.

Bandari imechimbwa kwa mabilioni. Si bora angeachiwa mwekezaji tangu mwanzo?

Hapa ndipo huwa nasimama upande wa serikali bila kusita. Kwa miaka mingi meli kubwa ilitia nanga karibu kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka ufukweni, ukapakuliwa tena. Mzigo mmoja unashikwa mara mbili, na kila mshiko unalipiwa. Wafanyabiashara wa Arusha na Moshi, ambao Tanga ni jirani yao, wakawa wanapitishia Dar es Salaam au Mombasa.

Mradi wa maboresho ulianza mwaka 2019 na uligharimu takriban shilingi bilioni 429. Lango la kuingilia meli lilichimbwa kutoka kina cha mita 3 mpaka 13, na gati zenye jumla ya mita 450 zikajengwa. Sasa meli inafunga kamba gatini. Hebu niambie ni mfanyabiashara gani wa Tanga angechimba bahari ambayo hata mshindani wake ataipitia bure? Vitu vya namna hii humnufaisha kila mtu kidogo kidogo, kwa hiyo hakuna mmoja anayekubali kuvilipia. Umeme ni hivyohivyo. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa na mgao, mashine yangu ya kuranda ikawa inalala mchana na kuamka usiku, na vijana nawalipa kwa kunitazama. Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, nilirudi kufanya kazi mchana.

Lakini gati peke yake halina mshahara. Linahitaji mwenye malori, mwenye ghala, wakala wa forodha, msindikaji wa machungwa atakayeacha kuyapeleka mabichi yakioza njiani. Hao hawaletwi kwa hotuba.

Bomba la mafuta litatuajiri?

Limeajiri wakati wa ujenzi. Likishafukiwa litaajiri wachache sana. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa Tanga, na kilomita 1,147 ziko kwetu. TotalEnergies ya Ufaransa wana asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, CNOOC ya China asilimia 8. Kwa hiyo ukiuliza kama ni mradi wa serikali au wa wafanyabiashara, huwezi kuutenganisha.

Kijana aliyepata kazi ya kuchomelea akatoka na cheti kinachotambulika, huyo amepata kitu. Aliyepata kazi ya kuchimba na kununua pikipiki, naye nampa hongera, ila aanze kufikiria lini itachakaa.

Kwa nini tusimchague tajiri mwenye viwanda awe kiongozi? Anajua kuajiri.

Swali hili huja kila karibu na uchaguzi, na huulizwa kwa moyo mweupe kabisa.

Marc Ravalomanana wa Madagascar alianza kwa kuuza mtindi wa nyumbani juu ya baiskeli, kazi ambayo mtu wa Tanga anaijua kwa macho. Akajenga kampuni kubwa ya maziwa, Tiko, kisha akawa rais mwaka 2002. Barabara zilijengwa, uchumi ukachangamka. Lakini mpaka kati ya nchi na kampuni yake ulififia, wafanyabiashara wengine wakaona wanashindana na rais, na hilo ni moja ya manung'uniko yaliyomfuata mpaka alipoondolewa madarakani mwaka 2009. Afrika Kusini, Cyril Ramaphosa aliingia madarakani mwaka 2018 akiwa ametoka kwenye chama cha wafanyakazi wa migodi na baadaye biashara kubwa, na bado karibu theluthi ya nguvu kazi ya nchi ile haina ajira.

Mimi nikizidiwa hapa karakanani, nafunga mlango na kupunguza watu. Inaniuma, ila naweza. Mkuu wa nchi hawezi kupunguza wananchi. Wagonjwa, wazee, mtoto wa kijiji kisicho na barabara, wote wamo kwenye daftari lake na hawafutiki. Kujua faida ni sifa njema, ila kazi ya pale juu ni kuamua nani alipe na nani asubiri mbele ya watu wasiokubaliana, na duka halikufundishi hivyo. Tajiri akigombea, mwulizeni kwanza biashara zake atazikabidhi kwa nani na nani atazikagua. Akikasirika, jibu mmeshalipata.

Kuna mfano wowote wa pande hizi mbili kufanya kazi pamoja vizuri hapa Tanga?

Maziwa. Miaka ya 1980 serikali yetu na ya Uholanzi zilianzisha mradi wa wafugaji wadogo wa mkoa huu. Mtu alifundishwa kwanza, kwenye chuo cha mifugo cha Buhuri, jinsi ya kujenga banda, kupanda majani na kukamua kwa usafi. Ndipo akapewa mtamba kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Wafugaji wakaunda vyama vyao, vyama vikaunda ushirika, na miaka ya 1990 kikazaliwa kiwanda, Tanga Fresh, ambacho wafugaji kupitia ushirika wao wana hisa ndani yake.

Shangazi yangu Pongwe alipata ng'ombe kwa mtindo huo. Ukienda kwake alfajiri utamkuta ameshafuta chuchu kwa kitambaa cha maji ya moto, anakamua akimwimbia mnyama, na saa kumi na mbili na nusu kijana wa baiskeli yupo mlangoni na madumu mawili pembeni ya kerea. Kituoni maziwa yanapimwa kwa kipimo kabla ya kumiminwa. Yakiongezwa maji yanakataliwa mbele ya foleni nzima, na aibu hiyo inatosha. Hesabu watu: shangazi, mkata majani, kijana wa baiskeli, mpimaji, dereva wa lori la ubaridi, wa kiwandani, muuza mtindi. Serikali ilileta elimu, mbegu na daktari wa mifugo. Mfugaji alileta usingizi wake. Kiwanda kilileta soko la kila siku. Katika hao wote, hakuna aliyeweza kuanza bila mwenzake.

Nchi iliyotegemea zao moja kama mkonge ikatoka, ipo?

Mauritius. Walikuwa na miwa tu. Mwaka 1970 serikali ikatunga sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, ikapunguza kodi na vikwazo, na matajiri wa sukari wakaingiza fedha zao kwenye viwanda vya nguo pamoja na wageni kutoka Hong Kong. Maelfu ya wanawake waliokuwa hawana mshahara wakaupata. Sisi faida ya mkonge, ilipokuwepo, sehemu kubwa iliondoka na meli.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 inasaidia?

Inasaidia kuanza. Ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri: wanawake asilimia 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba. Ila kikundi kisiundwe kwa ajili ya mkopo. Niliona vijana kumi wakijuana kwa mara ya kwanza siku ya kutia saini.

Wewe mwenyewe, ni nani amekukwaza zaidi: serikali au wenye fedha?

Nijibu bila kuficha. Mwaka mmoja nilipata zabuni ya madawati 120 kwa taasisi moja ya umma. Mbao zilikuwa mitiki ya Longuza, Muheza, shamba la serikali lenyewe. Magogo hununuliwa mnadani, mtu binafsi akayapasua, mimi nikachukua mbao kwake kwa mali kauli. Tulifanya kazi usiku na mchana wiki sita. Madawati yakapokelewa, yakasifiwa, nikapewa karatasi yenye mhuri. Malipo yalikuja baada ya miezi tisa.

Katika miezi hiyo nilipunguza vijana wawili. Mmoja mkono wake kwenye randa ulikuwa mwepesi ajabu: ubao ukitoka kwake unaweza kuupitisha shavuni usisikie mkwaruzo. Aliondoka na randa yake ameifunga kwenye kanga ya mama yake. Mtu wa mbao naye alikuwa anadaiwa, akapunguza wapasuaji. Nyuma ya hundi moja iliyolala mezani kulikuwa na watu wasiopungua watano waliokosa kazi, na ofisi ileile ilikuwa na bango ukutani la kuhamasisha ajira kwa vijana.

Na mwenye hoteli mmoja naye alinizungusha miezi minne kwa milango kumi na miwili. Tofauti ni kwamba kwake nilikwenda na mwanafunzi wangu tukakaa kwenye ngazi mpaka jioni, wageni wakipita, akalipa. Kwenye ofisi ya umma hakuna ngazi ya kukalia: kila uliyemkuta anakuambia si yeye.

Ndiyo maana diwani au mbunge akija kuniuliza afanye nini ajira ziongezeke, simwombi kiwanda. Namwomba lipeni wanaowadai ndani ya siku thelathini, na orodha ya madeni ya wazabuni ibandikwe pale pale yanapobandikwa matangazo ya ushuru. Haihitaji mwekezaji kutoka nje wala sheria ndefu.

Fundi, kwani wewe unaajiri?

Kwa sasa tuko watano. Yale malipo yalipoingia nilianza kwa kumlipa mtu wa mbao, kisha nikawatafuta vijana wangu wawili. Mmoja amerudi, yuko kwenye msumeno. Yule wa randa nilimpigia simu. Yuko Dar es Salaam, anaendesha bodaboda Mbagala. Alisema randa bado anayo.